Gesi Baridi za Atomi Zisipimwe kwa Rekodi za Kipimajoto

Mwaka 2021 watafiti wa Ujerumani walitangaza matokeo ya kuangusha chombo chenye wingu la atomi za rubidi ndani ya mnara maalumu wa mjini Bremen, ambamo chombo hudondoka umbali wa mita 110. Chombo hicho kikiwa bado kinaanguka, kwa muda wa sekunde mbili hivi wingu lilitawanyika polepole kiasi kwamba mwendo wa atomi zake ulilingana na halijoto ya pikokelvini 38, yaani sehemu 38 za trilioni za kelvini moja juu ya sifuri halisi, halijoto ya chini kabisa inayowezekana. Anga za mbali kati ya magalaksi zina kelvini 2.7, kwa hiyo ni sahihi kusema kwamba ndani ya mnara ule palikuwa na ubaridi usiopatikana kwa kawaida mahali popote katika maumbile. Habari nyingi zilizoandikwa juu ya jaribio hilo ziliishia hapo, kwenye nambari na rekodi.

Kazi ile ilikuwa kubwa, lakini kuisoma kama mashindano ya kipimajoto kunatuficha jambo lenye uzito zaidi. Hoja yangu ni kwamba thamani ya utafiti wa gesi baridi za atomi haitokani na umbali uliobaki kuifikia sifuri halisi. Inatokana na mambo mawili: uwiano uliopo kati ya joto lililobaki na nishati ya asili ya gesi yenyewe, na uwezo wa mtafiti kuiuliza gesi swali kwa mwanga wa leza bila mwanga huohuo kuliharibu jibu. Mtu anayeyashika mambo haya mawili anaweza kutambua ni madai yapi katika uwanja huu yanastahili kuaminiwa na yapi bado ni ahadi.

Tuanze na uwiano, kwa kuwa ndio unaosahauliwa zaidi. Chukua kipande cha waya wa shaba kilichopo ukutani mwa nyumba yoyote. Elektroni zake ni fermioni, yaani chembe ambazo kwa sheria ya kwanta, inayotawala vitu vidogo kabisa, haziwezi kukaa mbili katika hali moja. Kwa hiyo hulazimika kupangana ngazi kwa ngazi, na ile iliyo ngazi ya juu kabisa huwa na nishati inayolingana na halijoto ya kelvini 80,000 hivi. Joto la chumbani ni kelvini 300 tu, chini ya nusu ya asilimia moja ya kiwango hicho. Sasa chukua gesi ya atomi za lithi zilizo fermioni, iliyopoozwa hadi nanokelvini 50. Kwa kuwa gesi hiyo ni nyembamba mno, ngazi yake ya juu inalingana na mikrokelvini moja hivi, na joto lililobaki ni asilimia 5 ya kiwango chake. Kwa kipimo kinachoamua jinsi chembe zinavyojipanga, waya wa shaba ulioachwa chumbani ni baridi zaidi kuliko gesi iliyopoozwa kwa leza ghali na pampu za ombwe. Nambari ya kelvini peke yake haielezi kama gesi imefika mahali ambapo sheria za kwanta zinatawala. Lazima ilinganishwe na gesi yenyewe.

Jambo la pili, yaani mwanga, linahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu historia yote ya utafiti huu ni historia ya watu waliojifunza hatua kwa hatua mahali mwanga unaposaidia na mahali unapodhuru.

Kwamba mwanga husukuma vitu si jambo jipya. Mwaka 1933 Otto Frisch aliielekeza taa ya sodi kwenye mkondo wa atomi za sodi na kuona mkondo huo ukipinda kidogo. Kila fotoni, yaani chembe ya mwanga, inayonyonywa na atomi huipa msukumo mdogo, ambao kwa sodi hubadilisha mwendo wake kwa sentimita 3 hivi kwa sekunde. Atomi ya sodi inayotoka kwenye tanuri huenda mita 1,000 hivi kwa sekunde, hivyo ili kuisimamisha zinahitajika fotoni zipatazo 30,000, zote zikiipiga kutoka mbele. Taa ya Frisch isingeweza kufanya hivyo. Leza inaweza, kwa kuwa atomi ya sodi ikimulikwa na leza yenye nguvu ya kutosha hunyonya na kutoa fotoni mamilioni kwa sekunde, na kasi inavyopungua hufikia karibu mara laki moja ya mvuto wa dunia. Atomi husimama baada ya milisekunde moja hivi, katika umbali wa nusu mita.

Kusukuma tu, hata hivyo, hakupoozi. Kupooza ni kuzifanya atomi zote ziwe na mwendo mdogo, kutoka pande zote. Mwaka 1975 Theodor Hänsch na Arthur Schawlow walipendekeza kwamba leza ipangwe chini kidogo ya masafa (idadi ya mitetemo ya mwanga kwa sekunde) ambayo atomi huyanyonya. Kwa athari ya Doppler, atomi inayoielekea leza huyakuta masafa ya mwanga yakiwa yamepanda hadi kukaribia yale inayoyanyonya, na hivyo husukumwa kwa nguvu. Ile inayoikimbia leza huyakuta yakiwa yameshuka zaidi, na haiguswi sana. Ukiweka miale sita, jozi moja katika kila upande wa nafasi, atomi hukutana na upinzani popote inapojaribu kwenda. David Wineland na Hans Dehmelt walitoa wazo kama hilo mwaka huohuo kwa ajili ya ioni, na mwaka 1978 upoozaji wa ioni ukathibitishwa katika maabara. Kwa atomi zisizo na chaji kazi ilichukua muda mrefu zaidi. William Phillips na Harold Metcalf, wakifanya kazi Gaithersburg katika jimbo la Maryland, walilazimika kwanza kutatua tatizo la atomi inayopungua mwendo kisha kutoka kwenye masafa ya leza. Walitumia uga wa sumaku unaobadilika katika urefu wa bomba ili atomi iendelee kulingana na mwanga njia nzima. Mwaka 1985 Steven Chu na wenzake katika Bell Labs huko Holmdel walitumia miale sita na kupata mikrokelvini 240 kwa sodi, kiwango kilekile ambacho nadharia ilikuwa imekitabiri kuwa ndio mwisho.

Mwisho huo haukudumu. Mwaka 1988 kundi la Phillips lilipima halijoto ya wingu la sodi na kupata mikrokelvini 40 hivi, mara sita chini ya kiwango kilichodhaniwa hakivukiki. Katika sayansi ya majaribio ni nadra kitu kufanya kazi vizuri kuliko nadharia inavyoruhusu, na heshima yangu kwa kundi lile inatokana na jinsi walivyoshughulikia matokeo hayo: waliipima halijoto kwa njia kadhaa tofauti kabla ya kutangaza. Maelezo yalitolewa Paris na Jean Dalibard pamoja na Claude Cohen-Tannoudji, mwanafizikia aliyezaliwa Constantine nchini Algeria mwaka 1933, na kwa upande mwingine na kundi la Chu. Nadharia ya awali ilikuwa imeichukulia atomi kana kwamba ina hali mbili tu, wakati sodi halisi ina hali ndogondogo nyingi ambazo mwanga huzibadilisha nishati kulingana na mwelekeo wa mtetemo wake. Miale inapopishana, mwelekeo huo hubadilika kutoka nukta moja hadi nyingine, na atomi hujikuta ikipanda mlima wa nishati uliotengenezwa na mwanga. Ikikaribia kilele, mwanga huihamishia kwenye bonde la hali nyingine, nayo huanza kupanda tena. Kila mpando huila sehemu ya mwendo wake. Chu, Cohen-Tannoudji na Phillips walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997.

Hapa ndipo mwanga ulipofika mpaka wake. Kila atomi inayonyonya fotoni lazima iitoe tena, na kuitoa huiachia atomi teke kuelekea upande usiotabirika. Huwezi kwa njia ya kawaida kuipooza atomi chini ya mwendo unaotokana na teke la fotoni moja, kwa sababu chombo chenyewe cha kupoozea kinatikisa. Zaidi ya hayo, wingu likiwa zito, fotoni iliyotolewa na atomi moja hunaswa na jirani yake na kuleta joto upya. Walichofanya Eric Cornell na Carl Wieman katika taasisi ya JILA mjini Boulder, Colorado, kilikuwa kuutumia mwanga hadi mwisho wa uwezo wake, kisha kuuzima. Atomi za rubidi zilibaki gizani zikiwa zimeshikiliwa na uga wa sumaku, na zile zenye mwendo mkubwa zaidi ziliruhusiwa kutoroka, kama vile chai iliyomiminwa kwenye kisahani inavyopoa kwa kupoteza mvuke wa moto. Zilizobaki, kila zilipogongana, ziligawana nishati ndogo zaidi.

Tarehe 5 Juni 1995 jambo lililokuwa limetabiriwa miaka sabini nyuma lilionekana. Satyendra Nath Bose, akiwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Dhaka, alikuwa amemwandikia Albert Einstein mwaka 1924 akimtumia njia mpya ya kuhesabu fotoni; Einstein aliipanua hadi kwenye atomi na kuona kwamba gesi ya bosoni, yaani chembe ambazo tofauti na fermioni zinaweza kukaa nyingi katika hali moja, ikipoa vya kutosha, sehemu kubwa ya chembe zake lazima ziangukie katika hali moja ya chini kabisa. Kila atomi ina sifa za wimbi, na wimbi hilo hurefuka jinsi mwendo unavyopungua. Kwa rubidi yenye nanokelvini 100 urefu wake ni zaidi ya nusu ya mikromita, unaokaribia nafasi iliyokuwapo kati ya atomi na atomi katika gesi ya Boulder. Mawimbi yalianza kuingiliana, na katika nanokelvini 170 hivi kondenseti ya Bose na Einstein ikajitokeza, mwishoni ikiwa na atomi zipatazo 2,000. Miezi michache baadaye Wolfgang Ketterle katika chuo kikuu cha MIT, Marekani, alipata kondenseti ya sodi yenye mamia ya maelfu ya atomi, na watatu hao wakatunukiwa Nobel mwaka 2001.

Zingatia tena uwiano katika tukio hilo. Nanokelvini 170 hazina maana maalumu zenyewe. Ni kiwango kilichotokana na uzito wa atomi ya rubidi na msongamano wa gesi ile. Gesi ya rubidi yenye msongamano mkubwa zaidi ingevuka mpaka huo katika halijoto ya juu zaidi.

Baada ya 1995 swali lilibadilika. Kondenseti ikishapatikana, utaitazamaje? Njia ya kwanza, ambayo bado inatumika karibu kila maabara, ni kuufungua mtego, kuiacha gesi ianguke na kutanuka kwa makumi ya milisekunde, kisha kuimulika kwa leza ya masafa inayoyanyonya na kupiga picha ya kivuli chake. Picha hiyo huonyesha mwendo wa atomi, kwa kuwa zilizo na mwendo mkubwa zimefika mbali zaidi. Gharama yake ni kwamba gesi yote huharibika: kila picha ni wingu jipya, na kila wingu linahitaji sekunde au makumi ya sekunde kutayarishwa. Mtafiti anayesema ameona jinsi kondenseti inavyobadilika kwa wakati mara nyingi ameona mawingu mengi yaliyotengenezwa kwa kufanana, kila moja likipigwa picha kwa wakati wake tofauti. Mbinu hiyo ni halali, ila inadai uangalifu mkubwa katika kuhakikisha kwamba mawingu hayo kweli yanafanana.

Kundi la Ketterle lilitafuta njia nyingine mwaka 1996. Walitumia mwanga wenye masafa yaliyo mbali na yale atomi inayoyanyonya, kiasi kwamba fotoni chache sana zilinyonywa, na badala ya kivuli wakapima jinsi mwanga ulivyocheleweshwa ulipopita kwenye gesi. Kondenseti moja iliweza kupigwa picha mara nyingi. Lene Hau, katika Taasisi ya Rowland mjini Cambridge, Massachusetts, alikwenda mbali zaidi mwaka 1999: kwa leza ya pili iliyopangwa kwa uangalifu aliifanya gesi baridi ya sodi, ambayo kwa kawaida ingeumeza mwanga wote, iwe angavu, na ndani yake mpigo wa mwanga ukaenda mita 17 kwa sekunde, ilhali katika ombwe huenda karibu mita milioni 300. Mwaka 2001 kundi lake liliusimamisha mpigo huo kwa muda ndani ya gesi, kisha likautoa. Kwangu mimi hii ni kazi iliyoonyesha kwa uwazi kuliko nyingine yoyote kwamba suala si nguvu ya leza; ni kupanga masafa mawili ili yafute madhara ya kila mmoja.

Leza iliyopangwa mbali chini ya masafa ya atomi ina kazi nyingine kubwa zaidi. Mwanga huo hauipigi atomi teke mara kwa mara, bali huivuta taratibu kuelekea mahali mwanga ulipo mkali. Miale miwili ya leza ikielekezwa uso kwa uso, hutokea mistari ya mwanga na giza inayojirudia kila nusu ya urefu wa wimbi, na miale mitatu ya namna hiyo ikikatizana hupatikana kimia cha mwanga chenye maelfu ya vitundu ambamo atomi hukaa. Mwaka 2002 Markus Greiner, Immanuel Bloch, Hänsch na wenzao mjini Munich waliimwagia kondenseti ya rubidi kimia cha namna hiyo chenye vitundu zaidi ya laki moja. Mwanga ulipokuwa hafifu, kila atomi ilisambaa katika vitundu vingi kwa pamoja. Walipouongeza, atomi zilijifunga kila moja katika kitundu chake, na alama za wimbi la pamoja zikatoweka. Walipoupunguza, alama zikarudi ndani ya milisekunde chache. Maada ileile ilikuwa imevuka kutoka hali ya kutiririka bila msuguano hadi hali ya kuganda mahali pake, na kilichozungushwa kilikuwa kitasa cha nguvu ya leza tu.

Jaribio hilo lilizaa matumaini ambayo yanahitaji kuchambuliwa kwa makini. Elektroni katika vitu vingi hukaa kwenye mpangilio wa viini vya atomi kwa namna inayofanana na atomi katika kimia cha mwanga. Mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller waligundua vifaa vya aina ya kauri vinavyopitisha umeme bila ukinzani katika halijoto ya juu kuliko ilivyotarajiwa, na hadi leo hakuna maelezo yanayokubaliwa na wote kuhusu sababu yake. Wengi wanaamini kwamba kiini cha jambo kimo katika kielelezo kilichoandikwa na John Hubbard mwaka 1963, ambamo chembe huruka kutoka kitundu hadi kitundu na kusukumana zinapokutana mahali pamoja. Kielelezo hicho huandikwa kwa mstari mmoja, lakini kukikokotoa kwa chembe nyingi kunazishinda kompyuta. Ndipo likaja wazo la kuiacha gesi yenyewe ifanye hesabu: jenga kielelezo cha Hubbard kwa atomi na leza, kisha tazama kinachotokea.

Macho ya kutazamia yalipatikana. Mwaka 2009 kundi la Greiner, wakati huo akiwa Harvard, lilionyesha darubini inayoiona kila atomi ya rubidi katika kila kitundu, na mwaka 2015 makundi kadhaa yalifanya vivyo hivyo kwa fermioni. Ufundi wake unastahili kuelezwa. Ili atomi moja ionekane lazima itoe maelfu ya fotoni, na fotoni hizo zingetosha kuitupa nje. Kwa hiyo kimia huimarishwa ghafla, atomi zikagandishwa zilipo, na mwanga uleule unaozifanya zing'ae hupangwa uzipooze wakati huohuo. Hata hivyo jibu huja na kasoro: katika darubini za mwanzo, atomi mbili zilizomo kwenye kitundu kimoja hugongana kwa kuchochewa na mwanga na zote mbili hupotea, hivyo darubini hutofautisha witiri na shufwa tu. Kitundu kitupu na kitundu chenye atomi mbili huonekana sawa. Msomaji wa picha hizo nzuri anapaswa kulijua hilo.

Je, ahadi imetimia? Kwa sehemu. Mwaka 2017 kundi la Harvard lilionyesha, kwa atomi za lithi katika vitundu 80 hivi, mpangilio ambao kila atomi huelekeza usumaku wake kinyume na jirani yake, ambao nadharia inautarajia karibu na eneo la upitishaji umeme bila ukinzani. Hayo ni mafanikio ya kweli. Lakini eneo lenyewe linahitaji uwiano wa joto mdogo zaidi, na hapo ndipo waya wa shaba unapoyazidi maabara bora duniani. Kwa hiyo ninapoona kauli kwamba gesi hizi zinakaribia kutupa metali ya kupitisha umeme bila ukinzani katika joto la chumbani, naiona kauli hiyo kuwa imetangulia ushahidi. Kielelezo cha Hubbard ni kurahisisha kwa makusudi. Hata kikitatuliwa kikamilifu, kitatuambia kama kielelezo kinatosha, na kazi ya kutengeneza kifaa itabaki kwa wataalamu wa kemia na madini.

Kuna mahali ambapo gesi imefanikiwa zaidi, na pamezungumzwa kidogo kuliko panavyostahili. Fermioni zinapovutana kwa nguvu kubwa kuliko zote zinazoruhusiwa na kwanta, undani wa chembe hupoteza umuhimu, na gesi ya lithi iliyo nyembamba kuliko hewa hufuata mlinganyo unaokaribia sana ule wa nyutroni zilizo katika tabaka za nje za nyota za nyutroni. Mwaka 2005 MIT ilionyesha vizingia, yaani mizunguko midogo ya mtiririko, ndani ya gesi hiyo, ushahidi kwamba inatiririka bila msuguano, na mwaka 2012 kundi la Martin Zwierlein huko huko lilipima mlinganyo wake kwa usahihi uliowalazimu wanadharia kuchagua kati ya mahesabu yao. Hapa gesi haikuiga kwa kukadiria. Ilijibu swali lililokuwa halina jibu lingine la majaribio.

Saa za atomi ni mfano mwingine wa mwanga uliofundishwa kutodhuru. Saa ya stronti hushikilia maelfu ya atomi katika kimia cha mwanga na kuhesabu masafa ya mtetemo wake, ambayo ni zaidi ya trilioni 429 kwa sekunde. Tatizo lilikuwa kwamba mwanga wa kimia wenyewe huibadilisha nishati ya atomi, na saa ingeenda mrama. Hidetoshi Katori wa Tokyo alionyesha kwamba upo urefu wa wimbi, nanomita 813 hivi, ambapo hali zote mbili za atomi zinazotumiwa na saa hubadilishwa kwa kiasi kilekile, na tofauti kati yao hubaki bila kuguswa. Kutokana na wazo hilo zimepatikana saa ambazo zisingepotoka hata sekunde moja katika umri wote wa ulimwengu, ambao ni miaka bilioni 13.8. Mwaka 2020 saa mbili za namna hiyo ziliwekwa katika mnara wa Tokyo Skytree zikitofautiana kwa mita 450 za kimo, na ile ya juu ikaenda kasi zaidi kama nadharia ya Einstein inavyodai. Mwaka 2022 kundi la Jun Ye katika JILA liliiona tofauti hiyo ndani ya wingu moja lenye urefu wa milimita moja.

Na kuna kipimo cha mvuto wa dunia. Tangu Mark Kasevich na Chu walipoonyesha mwaka 1991 kwamba mipigo ya leza inaweza kuligawa wimbi la atomi inayoanguka na kuliunganisha tena, wepesi wa kifaa hicho kuhisi mvuto umekuwa ukikua kwa mraba wa muda wa kuanguka. Hapa ubaridi wa Bremen unapata maana yake halisi: wingu linalotawanyika polepole linaweza kupimwa baada ya muda mrefu zaidi kabla halijapotea. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Birmingham kilitumia kifaa cha aina hii nje ya maabara na kugundua handaki lililofukiwa ardhini.

Jambo hili linatuhusu moja kwa moja katika Afrika Mashariki. Katika visima vya mvuke vya Bonde la Ufa, kama vile Olkaria, maji mengi hutolewa ardhini na mengine kurudishwa, na mabadiliko madogo ya mvuto juu ya uso ni njia mojawapo ya kujua kiasi gani kimerudi. Vivyo hivyo kwa maji ya chini ya ardhi katika mikoa kame. Vifaa vya atomi vinaelekea kuwa vya kazi za kawaida za upimaji, na nchi zetu zitakuja kuvinunua. Swali ni kama tutakuwa na watu wanaovielewa kwa ndani.

Naamini uwanja huu unafikika kuliko nyanja nyingi za fizikia ya kisasa. Hauhitaji handaki la kilomita 27 kama lile la CERN, kituo cha Ulaya cha kugonganisha chembe. Unahitaji meza moja, chumba tulivu na subira. Rubidi hunyonya mwanga wa nanomita 780, ambao leza zake ndogo zilitengenezwa kwa wingi kwa ajili ya visomeo vya CD, na Wieman alikuwa mmoja wa walioonyesha kwamba leza hizo za bei nafuu zinatosha. Kwa maoni yangu vikwazo vyetu viko kwingine: umeme usiokatika, mafundi wa pampu za ombwe, na ajira ya kudumu ya fundi mtambo ambaye hatahamishwa baada ya mwaka mmoja. Upande wa nadharia tayari una makao, kwani tangu mwaka 2018 tawi la kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia cha Trieste, Italia, kilichoasisiwa na mwanafizikia Abdus Salam mwaka 1964, linafanya kazi Kigali chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda, likiwafundisha wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za kanda. Kinachopungua ni maabara ya kufundishia yenye mtego mmoja wa rubidi, iliyowekwa mahali ambapo mwanafunzi wa fizikia na mwanafunzi wa uhandisi wa umeme wataitumia pamoja, na bajeti ya matengenezo iliyoandikwa siku ileile inapoandikwa bajeti ya ununuzi.